Swali la Bibi

Chumba changu ki karibu na kituo cha matatu cha Kawangware 56, mahali ambapo sauti za makanga hazimwachii mtu utulivu ila usiku. Jioni moja nilikaa mlangoni nikisoma A Grain of Wheat, riwaya ya Ngugi wa Thiong'o iliyotolewa mwaka 1967. Nilifika kwenye kisa cha handaki. Wanakijiji wanalazimishwa kulichimba. Wambuku anapigwa mjeledi. Mugo anaingia kati kumtetea, naye anakamatwa. Nilimsifu Mugo kwa sauti.

Ajuza mmoja, jirani yangu, akaniuliza ninasifu nini. Nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, na yule mama, moyoni mwake mlikuwa na nini?"

Nilirudi kitabuni. Kisa kile kimesimuliwa kwa macho ya Mugo. Sikuwa na jibu.

Msomaji, swali lile si dogo. Wakati wa Hali ya Hatari, kutoka mwaka 1952 hadi 1960, serikali ya kikoloni iliwahamishia watu zaidi ya milioni 1 katika vijiji vilivyozungukwa na mahandaki na walinzi. Wanawake wengine walifungwa Kamiti. Wako waliotendewa mambo ambayo staha iliwazuia kuyataja hata mbele ya watoto wao. Mwaka 2009 wazee walifungua mashtaka London. Miongoni mwao alikuwamo Jane Muthoni Mara, aliyeyasema wazi mateso yake ya kambini. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake, ikakubali kutoa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa ajili ya watu 5,228.

Simlaumu mwandishi. Yeye aliandika habari za mahandaki wakati ambapo wengi walitaka yasahauliwe. Hadithi hufungua mlango uliofungwa na aibu. Walakini, aingiaye asitazame jeraha akamsahau aliyejeruhiwa, wala asifanye mateso ya mwanamke kuwa ngazi ya kupandia sifa za mwanamume. Kila usomapo kisa cha namna hii, jiulize swali la bibi yule.

Mimi sikumwuliza alikuwa wapi mwaka 1954. Nilifunga kitabu, nikamsogezea kiti, nikangoja. Kama angependa kusema, mara hii palikuwa na mtu wa kumsikiliza.