Kumbukumbu za Mashine ni za Nani?

Kila programu ninayoitunza huacha nyayo: ombi limeingia saa ngapi, limepitia seva zipi, limekwama wapi. Mfumo ukigoma usiku, nyayo hizo ndizo tochi yangu. Kwa miaka minne tochi hiyo tuliikodi kwa kampuni moja ya ng'ambo, kwa dola. Kadiri wateja wetu walivyoongezeka ndivyo bili ilivyovimba, hadi tukawa tunaulizana kikaoni ni sehemu gani ya mfumo tuiache gizani ili tumudu kulipa.

Kuhama hakukuwa rahisi. Vipimo vilifumwa ndani ya msimbo wetu kwa lugha ya kampuni ile, huduma baada ya huduma. Mwenye nyumba alijua kwamba mpangaji ameshajengea kitanda ukutani.

Ndipo tukaigeukia OpenTelemetry. Mradi huu ulizaliwa mwaka 2019, pale OpenTracing na OpenCensus, miradi miwili iliyokuwa ikifanya kazi zinazofanana, ilipounganishwa chini ya Cloud Native Computing Foundation. Wazo lake ni jepesi: pima mara moja kwa lugha isiyomilikiwa na muuzaji yeyote, kisha amua data iende wapi. Kati ya programu na ghala unaweza kuweka kikusanyaji. Ukitaka kubadili ghala, unahariri mipangilio yake tu, msimbo huugusi.

Sisemi wauzaji ni maadui. Wengi wanaoandika kiwango hicho wameajiriwa na kampuni hizo hizo zinazouza huduma. Tena kiwango chenyewe si ghala, wala hakikuchorei grafu. Dada mmoja wa timu yetu aliuliza swali lililotunyamazisha: "Na diski ikijaa saa nane usiku, nani ataamka?" Uhuru nao una bili yake, ila hulipwa kwa usingizi.

Tukakubaliana hivi: vipimo vya namba tuvihifadhi wenyewe kwa Prometheus, programu huria iliyoanzia SoundCloud mwaka 2012, nyayo za maombi tuendelee kumlipa muuzaji. Mkataba ulipofika ukingoni, kwa mara ya kwanza tulijadili bei tukijua mlango uko wazi. Bili ilishuka, na hakuna huduma iliyoachwa gizani.

Orodha ya zamu za usiku imebandikwa ukutani. Jumanne ni yangu.