Faida ya Nini? Jogoo, Nido na friza ya hooyo

Ripoti za kampuni zikitoka, simu yangu hujaa yale mabango ya rangi. Kampuni fulani imepata faida ya bilioni kadhaa, nyingine imeangukia hasara. Watu wanapiga emoji za moto, wengine wanatukana, kesho yake tumesahau. Mimi huuliza swali moja tu kwenye komenti na wasee huniita mwalimu: faida ya nini?

Wacha nieleze mbona hilo swali limenishika hadi likaingia kwenye duka letu hapa Tarbaj.

Chukua pakiti ya Jogoo. Huku kwetu tambi na mchele ndio wakubwa, lakini Jogoo haikosi kwenye rafu. Wenye Jogoo ni Unga Group, kampuni iliyoanza 1908 na hisa zake zinauzwa Soko la Hisa la Nairobi. Ukisikia hilo jina unafikiria ugali, basi. Lakini kwa miaka mingi, ukifungua ripoti yao ya mwaka, ukaruka picha za wakurugenzi na barua ya mwenyekiti, nyuma kabisa kwenye maelezo ya hesabu ulikuta jedwali dogo lisilo na rangi. Hapo kampuni imekatwa vipande: lishe ya binadamu huku, lishe ya mifugo kule. Kila kipande na mauzo yake, faida yake na mali yake. Halafu tena kwa nchi, Kenya na Uganda.

Hilo jedwali ndilo mimi naanza nalo siku hizi. Unga wa ugali na chakula cha kuku zinatoka kwa kampuni moja lakini haziugui ugonjwa mmoja. Mnakumbuka 2017, mwaka wa uchaguzi, serikali ilipoweka ruzuku na pakiti ya kilo mbili ikauzwa shilingi 90? Hiyo ilikuwa habari ya unga wa binadamu. Kuku hawakuwekewa ruzuku. Ukimwaga zote kwenye sufuria moja na kusoma jumla, huwezi kujua nani alibeba nani mwaka huo. Na 2022, Unga ilipotangaza kwamba upande wa mifugo utaingia ubia na Nutreco ya Uholanzi, ndio likaja jina la Tunga Nutrition, kuna watu walishtuka ati kumbe Unga wanalisha pia ng'ombe. Kwenye jedwali walikuwa wameandikwa kitambo.

Kampuni hazifanyi hivi kwa roho safi. Kuna kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IFRS 8, iliyoanza kutumika 1 Januari 2009, na Kenya inafuata kanuni hizo. Kwa ufupi inasema hivi: kipande cha biashara kikifika asilimia 10 ya mapato yote, au ya faida, au ya mali, kionyeshwe peke yake. Ni "au", angalia vizuri. Kipande kinaweza kuwa kidogo kwa mauzo lakini kikapita kwa faida. Tena inabana kampuni ambazo hisa au hati zao za deni zinauzwa hadharani. Bidco na Kapa ni kampuni za binafsi, kwa hivyo usinitumie DM ukiuliza Kimbo inaleta faida gani, hawana lazima ya kukuambia wewe wala mimi.

Sasa penye inauma. Hiyo kanuni haisemi ukate vipande vipi. Inasema uonyeshe vile mkubwa wa kampuni mwenyewe huangalia biashara anapoamua pesa iende wapi. Yaani unasoma kupitia macho yake. Kama yeye hajawahi kuangalia kitu kivyake, na wewe hutakiona.

Mfano uko kwenye rafu hiyo hiyo, ile tini ya Nido. Nestlé huikata dunia kwa kanda. Afrika haina kanda yake. Imewekwa pamoja na Asia na Oceania, na kuanzia 2025 wakaongeza China humo humo. Kwa hivyo tini inayouzwa Tarbaj iko kapu moja na inayouzwa Beijing na Sydney. Lakini ukija kwenye mgawanyo wa bidhaa, chakula cha mbwa na paka kina mstari wake. Mwaka 2023 Nestlé iliuza vitu vya kama faranga bilioni 93 za Uswisi, na hao wanyama walileta zaidi ya bilioni 18. Sijakasirika, hesabu ni hesabu, mbwa wa ng'ambo wanakula vizuri. Ila nilicheka peke yangu usiku huo. Bara zima halina mstari, paka anao.

(Watu wa kwetu tumezoea lakini. Ukimwambia msee wa Nairobi unatoka Tarbaj anasema, "Garissa hiyo, nimeelewa." Hapana buda, hujaelewa. Ni Wajir, ni kaunti nyingine.)

Haya, duka.

Duka ni la babangu na adeer, ndugu yake. Baba hayuko tena, kwa hivyo upande wake unasimamiwa na hooyo. Adeer anasimamia vyakula vya pakiti: unga, tambi, mchele, sukari, maziwa ya unga, biskuti, mafuta. Hooyo ana friza pembeni. Ananunua maziwa ya ngamia kutoka kwa akina mama wa upande wa Dambas, anauza mengine hapa na mengine anayatuma Wajir kwa mitungi. Kuna M-Pesa pia, hiyo nikiwa nyumbani naishika mimi. Jioni pesa zote zinaingia kwenye tini moja ya biskuti. Mwisho wa mwezi adeer anahesabu tini, anaondoa gharama, kinachobaki kinagawanywa mara mbili. Imekuwa hivyo tangu niko shule ya msingi.

Mwaka huu kuna mfanyabiashara wa jumla alimpa adeer ofa ya mzigo kwa mkopo, katoni nyingi za tambi na juisi. Shida ni nafasi. Na nafasi pekee ni pale friza iko. Adeer akaniita nje kwa heshima zote. Kwetu mjomba wa upande wa baba anakuita jina lile lile unalomwita wewe. "Adeer," akaniambia, "hiyo friza inakula betri ya sola na inakula nafasi. Maziwa ni kitu kidogo. Duka ni pakiti."

Kwa macho alikuwa sawa. Ukisimama mlangoni unaona pakiti kuanzia chini hadi kwenye mabati. Lakini hiyo friza ndiyo inasomesha wadogo zangu wawili, na hakuna mtu alikuwa amewahi kuihesabu peke yake, hata hooyo. Nikamwomba adeer miezi mitatu na daftari tatu badala ya moja. Akakubali, nadhani alijua atashinda.

Wastani wa mwezi ulikuja hivi. Pakiti ziliingiza 312,000, maziwa 88,000, kamisheni ya M-Pesa 10,000. Jumla 410,000, kwa hivyo adeer alikuwa na haki ya kutabasamu hapo. Halafu nikatoa gharama. Faida ya duka nzima ilikuwa 41,000. Maziwa yalileta 26,000. M-Pesa 9,000. Pakiti zote, na rafu zote, na madeni yote ya majirani yaliyokataa kulipika, zilileta 6,000.

Alizirudia hizo namba mara tatu. Kisha akaanza kuuliza maswali, na walahi yalikuwa maswali mazuri kuliko ya wahadhiri wengine.

La kwanza, betri. Alitaka gharama yote ya sola iandikwe kwa maziwa. Nikamwambia taa za duka na simu za watu zinazochajiwa hapa pia zinakula betri, tukakubaliana robo tatu iende kwa friza. Kodi tukaigawa kwa nafasi ya sakafu. Hakuna jibu moja la haki kwenye gharama za pamoja, mnapatana tu na kuandika mlivyopatana, ili mwezi ujao mtu asibadilishe kimya kimya.

La pili lilikuwa gumu zaidi. Akina mama wa maziwa wengi hawachukui pesa yote. Wanachukua sukari, majani chai, tambi. Yaani maziwa yanainunua tambi ndani ya duka lile lile. Kwa bei gani? Pakiti tumeinunua 85 na tunaiuza 100. Ukiandika 100, shilingi 15 ni faida ya adeer. Ukiandika 85, maziwa ndiyo yamepumua. Pesa kwenye tini haibadiliki hata senti, jumla ni ile ile. Kinachobadilika ni nani anaonekana anafanya kazi.

Msidhani hii ni hadithi ya kijijini. Januari 2024, ADM ya Marekani, moja ya kampuni kubwa kabisa duniani za nafaka na viungo vya chakula, ilimsimamisha mkuu wake wa fedha wakati wa uchunguzi, na hisa zake zikaanguka karibu robo kwa siku moja. Kisa kilikuwa kitengo chao cha lishe, na jinsi mauzo kati ya vitengo vya ndani yalivyoandikwa. Baadaye ikatokea kwamba baadhi ya bei hizo hazikuwa karibu na bei ya soko. Malipo ya ziada ya wakubwa yalikuwa yamefungwa kwenye faida ya kitengo hicho. Jumla ya kampuni haikuwa kiini cha shida, shida ilikuwa kati ya kipande na kipande. Yaani tambi na maziwa, ila kwa mabilioni ya dola.

Mimi nikaacha 100, bei ya soko, ili adeer asiseme nimempendelea mama yangu. Hata hiyo 26,000 ya maziwa imeshalipa 100 kwa kila pakiti.

La tatu sina namna ya kulipinga. Adeer akasema miezi yangu mitatu ilianza baada ya mvua ya gu, ngamia wameshiba. "Ngoja kiangazi." Na sisi tulioishi hapa kuanzia 2020 hadi 2023, misimu mitano mvua ikikataa, hatuwezi kumwambia anatisha watu. Kiangazi kikali mitungi inarudi mitupu na ni pakiti ndizo zinalisha mji. Ndiyo maana ripoti za kampuni hulazimika kuweka namba za mwaka uliopita kando ya za mwaka huu. Yetu haina mwaka uliopita. Kwa hivyo sitasema maziwa ni bora kuliko pakiti. Nasema tu kwamba mtu alitaka kuondoa friza kwa sababu ya namba ambayo haikuwepo, na angeiondoa, tini ingepungua na tungelaumu uchumi.

Na wewe unayeuza mitumba na kutengeneza kucha kwenye chumba kimoja, au unaimba harusi na kuposti matangazo, tenga daftari. Simu moja ina nafasi ya daftari kumi.

Hooyo alikuwa amekaa kimya muda huo wote akiosha mitungi. Alipomaliza akaja, akaangalia karatasi ambayo hawezi kuisoma vizuri, akauliza, "Na mimi nimeandikwa wapi?" Nikamwonyesha mstari wa maziwa. Akasema hapana, hayo ni maziwa. Yeye anaamka saa kumi usiku kungoja mitungi. Kijana wa kubeba mizigo ameandikiwa mshahara, yeye je?

Hakuwa ameandikwa. Kwa hesabu yangu safi, kazi yake ilikuwa ya bure. Nikamuuliza niandike ngapi, akasema elfu kumi. Maziwa yakashuka hadi 16,000, na bado yalikuwa mbele.

Adeer akasema basi na yeye aandikiwe, kwani yeye hashindi dukani? Ni kweli anashinda. Nikamwandikia elfu kumi kama ya hooyo. Mstari wa pakiti ukasoma hasi elfu nne.

Aliiangalia ile alama ya kutoa kwa muda mrefu. "Adeer," akasema, "hebu hesabu tena."

Nikahesabu tena. Friza bado iko, na katoni zilizokuja, nusu zimekaa kwa sitting rumu yake.