Mnunuzi Alingoja Mvua Inyeshe

Wasee, kuna video moja ya Marekani inayofundisha watu kuuza nyumba haraka. Mama fulani anapanga ndimu kwenye bakuli, anaoka biskuti ili nyumba inukie, halafu anakunja taulo kama za hoteli. Niliitazama mara nne. Wakati huo Baba alikuwa na deni la hospitali, na nyumba yetu nje kidogo ya Litein, vyumba vitatu kwenye robo eka, ndiyo kitu pekee tungeweza kuuza bila kugusa chai ya Kogo kule Bomet. Dalali alikuwa ameshataja bei. Bei ya kuudhi, tuseme ukweli. Nikajiambia, si mimi ndiye mtu wa kontenti hapa? Nitaipamba hii nyumba mpaka bei ipande yenyewe.

Nikaanza na rangi. Chumba cha nyuma kilikuwa na doa la unyevu kubwa kama karai, na kuvu nyeusi kwenye kona. Nikanunua rangi nyeupe, nikapaka mara mbili, nikatundika pazia la kuazima na kupiga picha. Zikatoka fiti kabisa.

Kama hujawahi kuishi huku, elewa kitu kimoja: mvua yetu haiendi likizo. Asubuhi jua linawaka, saa nane mchana wingu linashuka kutoka upande wa Ziwa Victoria, na siku nyingine linakuja na mawe. Ndiyo maana chai inapenda Kericho. Kuvu nayo inapenda Kericho. Rangi yangu ilikaa wiki mbili, ikaanza kuvimba kama chapati kwenye kikaango.

Wanunuzi wa kwanza wa maana walikuwa mwalimu na mke wake. Walikuja mchana, mvua ikinyesha vibaya. Niliwaonea huruma, kumbe walikuwa wameingoja makusudi. Yule mama hata hakutazama pazia. Alisimama sebuleni akasikiliza mabati. Akazunguka nyuma na mwavuli kuona maji yanaelekea wapi. Kisha akaingia chumba cha nyuma, akaweka kiganja kwenye ukuta wangu mweupe.

"Hapa pamepakwa lini?"

Kabla sijapata uongo mzuri, Mama akajibu. "Wiki mbili zilizopita. Chini yake kuna unyevu. Mtoto alitaka pawe pazuri."

Walishukuru, wakaenda. Mimi na Mama tuligombana jikoni. Nilimwambia ametupotezea pesa ya Baba. Akaendelea kumenya viazi, akaniuliza, "Hao watalaza mtoto pale. Wewe ulilala vizuri?" Chumba kile kilikuwa changu. Nililala humo miaka 16, na kifua changu kinakumbuka kila mwezi wa 7.

Kesho yake tukaita fundi. Alichukua dakika tano kuona kile ambacho sisi hatukukiona miaka yote. Mfereji wa paa ulikuwa umepasuka, maji yakimwagika mahali pamoja, na udongo ulikuwa umejikusanya nje mpaka ukapita msingi, kwa hiyo ukuta ulikuwa unakunywa maji kutoka chini. Tulichimba ule udongo tukausogeza, tukatengeneza mtaro, tukabadilisha mabati mawili na mfereji, maji yakaelekezwa kwenye tangi. Plasta mbovu ikakwanguliwa. Tukapunguza ua ili jua lifike upande ule. Halafu tukangoja ukuta ukauke, na kukausha ukuta Kericho si mchezo. Ilichukua zaidi ya mwezi. Rangi ilikuja mwisho kabisa. Hesabu yote ilikuwa chini ya zile fanicha nilizotaka tukodishe kwa ajili ya picha! Pesa iliyobaki ikanunua kokoto za njia, maana gari la mnunuzi likikwama getini, hiyo ni laki imetoka kwenye bei.

Kungoja kulitusaidia kwa njia nyingine. Wakulima wa KTDA kwa kawaida hupata bonasi kwenye mwezi wa 10. Ni kweli bonasi ya upande wetu huwa chini kuliko ya kina Murang'a na Kirinyaga, na hilo ni jambo la siku nyingine, lakini hata hiyo ndogo inabadilisha simu unazopigiwa. Mwezi wa 6 watu wanakuja kuangalia. Mwezi wa 10 wanakuja na wakili.

Na wakili hajali ndimu. Anataka hati miliki, anataka kuona mawe ya mpaka yako wapi (letu moja lilikuwa ndani ya ua wa jirani, tukamwita savea na jirani tukanywa naye chai). Nyumba ikiwa ya familia, sheria inadai mke au mume akubali, hata kama jina lake haliko kwenye hati. Ardhi ya kilimo nayo lazima ipitie bodi ya udhibiti wa ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila kibali cha bodi, mauzo hayana nguvu. Aside ndogo: usipige hati picha ukaweka status. Nilikuwa karibu kufanya hivyo, Baba akaninyang'anya simu.

Mwalimu na mke wake walirudi. Yule mama alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akaweka kiganja, kisha akamuuliza Mama, si mimi, "Sasa je?" Mama akamwonyesha mtaro. Bei haikufika ile ya ndoto zangu, lakini ilipita ya dalali, na deni likaisha.

Siku ya bodi tuliketi kwenye benchi familia nzima. Mwenyekiti alimuuliza Baba, akamuuliza Mama, kisha akanitazama mimi. "Na wewe, unajua wanauza? Unakubali?" Mimi niliyepiga picha zote, niliyekwangua ukuta kwa mikono, nilikaa kimya mpaka Mama akanigusa goti.

"Nakubali."

Akaandika, akaita faili inayofuata.