Alichupa

Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo ikafika hapa kwetu Tabora, kisha ikagawanyika. Tawi moja lilikwenda Ujiji, jingine likashuka kusini-magharibi hadi Katanga, walikokwenda Wanyamwezi kutafuta shaba. Msiri alipitia huko, akaishia kutawala Bunkeya hadi alipouawa mwaka 1891.

Nilimkumbuka Msiri mwaka 2011, Mbwana Samatta alipoondoka Simba kujiunga na TP Mazembe ya Lubumbashi. Wenzangu barazani walisikitika: mshambuliaji mwenye kipaji kile anakwendaje Kongo? Mimi sikuona ajabu. Lubumbashi ndiyo Katanga ileile ya shaba, na Kiswahili kinasemwa huko, kwa ladha yao. Mwaka 2015 Mazembe walitwaa ubingwa wa Afrika dhidi ya USM Alger, naye akafunga katika mechi zote mbili za fainali. Januari 2016, mjini Abuja, alitangazwa mchezaji bora wa mwaka miongoni mwa wanaocheza ndani ya Afrika. Ndipo akaenda Genk, Ubelgiji, na Januari 2020 Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni kitenzi kimoja.

Miaka ya tisini nilikuwa na mwanafunzi, mshambuliaji wa timu ya shule, mguu wa kushoto. Katika insha yake aliandika kwamba mchezaji “alichupa akaupiga mpira kwa kichwa.” Nikakata neno kwa wino mwekundu, nikaandika juu yake “aliruka.” Kuchupa, nilimwambia mbele ya darasa, ni kwa mtu anayejitupa kutoka juu, mtini au ukutani. Wiki ileile nilimzuia asiende kwenye mechi ya wilaya ili amalize masahihisho. Mwaka uliofuata hakurudi shuleni.

Tarehe 1 Machi 2020 nilikwenda kibanda cha video kutazama fainali ya Kombe la Ligi uwanjani Wembley, Villa na Manchester City. City walikuwa wanaongoza mabao mawili. Krosi ikaingia, Samatta akajirusha mzima mzima, mwili umelala hewani, akafunga kwa kichwa. Magazeti yangesema “alicheka na nyavu,” msemo uliochakaa hadi hauna meno. Mechi iliisha 2–1, Villa wakakosa kombe.

Nyuma yangu mtu akasema, “Shikamoo, Mwalimu.” Nikageuka. Sasa ni fundi baiskeli, mvi zimeanza.

“Marahaba, mwanangu.”

“Yule aliruka au alichupa?”

Watu walicheka bila kujua wanacheka nini. Nilimjibu kwamba alichupa, na kwamba nilikosea. Akaitikia kwa kichwa, akaniuliza kama baiskeli yangu bado inavuta. Nilimpelekea asubuhi yake. Alikataa malipo, na mechi ile ya wilaya hakuna aliyeitaja.