Mgeni wa Siku Tatu

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulimkaribisha mgeni nyumbani mwetu tukasahau kumpa jembe. Akakaa miezi miwili, akawa bwana wa nyumba. Mgeni huyo hakuwa mtu, bali chupa ndogo ya dawa ya kunyunyiza puani.

Mambo yalianza mwezi wa saba, wakati wa kiangazi. Wenyeji wa Lubumbashi wanayajua majira hayo: usiku ni baridi, mchana ni vumbi jekundu juu ya kila kitu. Mafua yalitushika sisi wawili, mume na mke. Pua zikaziba, tukalala vinywa wazi kama samaki waliotolewa majini. Siku ya pili tulikwenda farmasi. Muuzaji hakutuuliza neno, wala sisi hatukumwuliza. Tulinunua chupa moja, tukaitumia wote wawili, na karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi tukaitupa bila kuisoma. Kabla ya dakika 10 pua zilikuwa wazi. Tulifurahi mno.

Juma moja likapita, mafua yakaisha. Lakini pua hazikupona. Kila mara nguvu ya dawa ilipokwisha, ziliziba kuliko kwanza. Mara mbili kwa siku zikawa mara nne, kisha mara sita. Chupa ya kwanza ikaisha, na ya pili, na ya tatu. Usiku tuliiweka chini ya mto, tukaitafuta gizani kwa kupapasa. Tulidhani tumepatwa na mafua sugu.

Aliyetuamsha ni mtoto wetu wa miaka miwili. Asubuhi moja tulimkuta ameketi kitandani petu, chupa kinywani, akiifyonza. Tulimnyang'anya, tukakimbia naye mpaka dispensari. Mwuguzi alimpima mapigo ya moyo na pumzi, akamweka chini ya macho yake mpaka jioni. Tulikaa kwenye benchi bila kusemezana. Kwa bahati njema mtoto hakudhurika. Ndipo mwuguzi alipotugeukia: "Baba, Mama, dawa hii ni ya nani, na mmeitumia siku ngapi?" Tuliona haya kujibu.

Alitueleza kwa uvumilivu. Mtu akishikwa na mafua, mishipa midogo ya damu ndani ya pua huvimba, na njia ya hewa hufungwa. Dawa hizi, kama vile oksimetazolini, zilometazolini na nafazolini, huibana mishipa hiyo, na njia hufunguka. Lakini zikitumiwa siku nyingi, mishipa huzizoea. Nguvu ya dawa ikiisha, huvimba tena kwa ukali. Mgonjwa hunyunyiza tena, na ugonjwa huzidi. Kumbe ile chupa tuliyoiita mfunguzi ndiyo iliyokuwa ikitufungia mlango!

Kwa hiyo alituagiza haya. Dawa hii itumiwe siku 3, au 5 kwa wingi, isipokuwa mganga ameagiza vingine. Wala isizidi mara zilizoandikwa kwenye karatasi yake. Kila mtu awe na chupa yake, maana ncha inayoingia puani hubeba mafua ya mmoja kumpa mwenzake. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo, kisukari au ugonjwa wa macho uitwao glakoma, na mama mwenye mimba, wamwulize mganga kwanza. Neno hilo lilituchoma, kwa sababu mmoja wetu ana presha, na hatukufikiri hata siku moja ya kuwa dawa ya pua yaweza kubana mishipa mahali pengine mwilini.

Juu ya watoto alisema kwa ukali. Aliye chini ya miaka 6 asipewe dawa hii bila agizo la mganga. Tena mtoto mdogo akiinywa, hata mililita 1 au 2 tu, aweza kulala usingizi mzito, moyo ukapiga polepole na pumzi ikapungua. Chupa iwekwe juu, mahali palipofungwa. Na mtoto akiinywa, apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe.

Kuiacha kulitutaabisha. Kwa shauri la mwuguzi, juma la kwanza tuliacha kunyunyiza tundu moja, tukaendelea na la pili. Juma lililofuata tukaacha yote mawili. Usiku tulilala tumeinua vichwa juu ya mito miwili. Tulisafisha pua kwa maji ya chumvi: robo tatu ya kijiko cha chai katika nusu lita ya maji yaliyochemka, kisha yakapoa. Usiku wa kwanza ulikuwa mrefu, wa pili pia. Lakini mwisho wa juma la tatu tuliamka asubuhi tukaona tumelala vinywa vimefumbwa.

Wazazi wenzetu, hatusemi dawa hii ni mbaya. Ni mgeni mwema, anayesaidia siku chache za taabu. Someni karatasi yake, hesabuni siku zake, na siku ya tatu mwonyesheni jembe.