Miaka Mitano ya Dambisa Moyo

Kuna wachumi tunaowasoma na kuna wachumi tunaowatazama. Dambisa Moyo, mzaliwa wa Lusaka, nilimtazama miaka mingi kabla ya kumsoma. Nilimjua kwa video: anaongea bila karatasi, hapandishi sauti, anamaliza hoja kabla mtangazaji hajamkatiza. Benki ya Dunia, Goldman Sachs, Harvard, Oxford; orodha hiyo husomwa mwanzoni mwa kila kipindi kama wasifu wa marehemu.

Mwaka 2009 kitabu chake, Dead Aid, kilipotoka, jarida la Time lilimweka kati ya watu 100 wenye ushawishi mkubwa duniani. Sababu inaonekana. Kwa miaka mingi misaada ya Afrika ilijadiliwa runingani na wanamuziki na maprofesa Wazungu. Hatimaye akaja Mwafrika, mwanamke, akasema misaada inatudhuru. Sura yake ikawa nusu ya hoja.

Likizo moja mama yangu mdogo alimwona kwenye simu yangu, nyumbani kwake Mbeya.

"Huyu dada anaongea vizuri. Wa wapi?"

"Zambia, mama."

"Kumbe jirani." Akasikiliza hadi mwisho. "Sasa hiyo misaada, wataikata kuanzia lini?"

Aliuliza kwa sababu alikuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Alipita nyumba kwa nyumba kuwafuatilia walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na posho yake ilitoka kwenye mradi uliofadhiliwa na Wamarekani.

Swali lake lina jibu, ila halikuwa kwenye video. Liko kitabuni: bomba lifungwe baada ya miaka mitano, na katika muda huo nchi zitafute mitaji kwa biashara, uwekezaji na hati fungani. Tena Moyo anatenga misaada ya dharura na ile ya mashirika ya hisani; anacholenga ni fedha zinazoingia serikalini mwaka hadi mwaka. Kipande cha dakika mbili hakibebi yote hayo. Hubaki neno moja: kata.

Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake. Mama mdogo aliambiwa kwa ujumbe wa WhatsApp asimamishe kazi mara moja. Wiki hiyo hiyo, kwenye kundi la darasa letu la uzamili, mtu alirusha ile video ya zamani na kuandika, "Dada alishasema." Zikafuata alama za kupiga makofi.

Moyo hakuifunga ile bomba, na hoja yake moja bado inaniuma: serikali ambayo zahanati zake zinalipiwa na wengine haioni haja ya kuwajibika kwa wananchi wake. Lakini kundi lile halikurusha habari za Zambia yenyewe, iliyouza hati fungani zake za kwanza za kimataifa mwaka 2012, dola milioni 750, kisha Novemba 2020 ikashindwa kulipa wadai.

Niliwaandikia kuhusu miaka mitano. Mmoja akajibu, "Hiyo ni detail tu."

Mama mdogo bado ana daftari lenye majina 38. Wa karibu anawafuata kwa miguu. Wa mbali anawapigia simu, kwa vocha yake mwenyewe.