Hajajichubua Jamani, Ni Projekta Tu!

Leo sijaleta umbea, leo nimekuja kuuvunja. Kuna msanii mmoja wa kike wa filamu hapa Dar, jina kapuni, wiki nzima mmemkalia kooni eti kajichubua. Ushahidi wenu ni kile kipande kilichorekodiwa kwa simu ukumbini siku filamu yake inaoneshwa kwa mara ya kwanza. Uso umepauka kama umepakwa majivu. Mimi nilikuwepo, nimekaa viti viwili kutoka kwake, na ngozi yake ni ileile nyeusi inayong'aa mnayoijua.

Aliyemchubua ni projekta.

Iko hivi. Kwenye kompyuta rangi inaanzia 0, nyeusi tii, mpaka 255, nyeupe pee. Video za TV zenyewe zinaanzia 16 na kuishia 235. Sasa umechomeka laptopu kwa HDMI, inatuma 16 mpaka 235, lakini projekta inasubiri 0 mpaka 255. Ile 16 haiwi nyeusi tena, inakuwa kijivu, na picha nzima inapauka kama kanga iliyoanikwa juani miaka. Ikiwa kinyume chake, giza linameza kila kitu. Sisi weusi kwenye sini ya usiku tunabaki meno tu.

Halafu siku ile projekta ilikuwa imewekwa Dynamic, ile inayosukuma mwanga wote na mara nyingi inavuta rangi kwenda kijani. Taa za ukumbi nusu zinawaka. Fundi kuona usiku hauonekani, akapandisha Brightness. Hapo ndo akamaliza kabisa, maana hiyo kazi yake ni kunyanyua weusi wa picha, haiongezi nguvu ya taa ya projekta.

Kabla ya onesho la pili dada akanipigia. "Mdogo wangu, kuna watu wa mafuta ya ngozi walitaka kunipa tangazo, sasa hivi hata simu hawapokei. Njoo unisaidie kabla watu hawajaingia."

Nikaenda. Kwanza taa zote zizimwe. Pili, nikatoa Dynamic nikaweka Cinema. Tatu, nikahakikisha laptopu na projekta zinasoma kipimo kimoja cha rangi, maana setingi hiyo ipo pande zote mbili. Nne, laptopu itume 1920 kwa 1080, sawa na pikseli za projekta yenyewe, maandishi yasiwe na ukungu. Halafu nikasimamisha picha kwenye sini ya usiku. Nikashusha Brightness taratibu mpaka nyeusi ikawa nyeusi, lakini mikunjo ya koti jeusi bado inaonekana. Contrast nikaiweka pale ambapo vifungo vya shati jeupe havipotei. Rangi ndo nikamalizia, namwangalia dada mwenyewe kisha naangalia skrini, mpaka wakafanana.

Dada alikaa kimya muda mrefu. Akasema, "Kumbe ndo nilivyotoka hivi?" Filamu kaicheza yeye, lakini kwenye skrini kubwa sura yake halisi ndo alikuwa anaiona siku hiyo.

Kinachoniuma ni kwamba onesho la pili hakuna aliyerusha kipande. Uso wa kawaida hauna kiki. Kile cha majivu ndo mpaka leo kinazunguka kwenye magrupu, na dili la mafuta mpaka naandika hapa lipo kimya.

Kwa hiyo wewe unayeonesha video za send-off, harusi, hata mechi mtaani, fika mapema ukague setingi zako, sura za watu ziko mikononi mwako. Na wewe mwenye bando, kabla hujaandika "kajichubua", jiulize picha imepita wapi mpaka ikakufikia.

Nani mwingine projekta imeshamgeuza mzungu au mzimu? Tiririka hapo chini.